Soksi za Darasa la Kwanza

Alhamisi, 3 Julai 2025

Kliniki ya kisukari leo. Benchi lile lile, wazee wale wale, kukohoa kule kule. Sukari imeshuka kidogo, presha haina neno. Nilidhani nitawahi kurudi Nyamwaga nikageuze mahindi yaliyoanikwa. Wapi!

Sista Tumsifu akaniambia nivue viatu. Huyu ni binti mgeni, serikali imemleta kutoka Kilimanjaro, umri wake ni wa kuwa kitindamimba wangu. Viatu! Ugonjwa uko kwenye damu, yeye anataka miguu. Nikavua. Akatoa kijiti chenye uzi mgumu kama wa ndoano. Mwalimu, funga macho, nitakugusa kwenye unyayo, ukisikia sema.

Sasa hapo. Mimi ni Waitara, mwalimu mkuu mstaafu, lakini kabla sijawa mwalimu nilikuwa Mkurya. Siku ya tohara yangu kisu kilipita na sikupepesa jicho. Shangazi zangu waliimba mpaka wakapoteza sauti. Leo nikiguswa na uzi niseme! Nikafumba macho, nikakaza taya, nikanyamaza. Nikangoja. Nikangoja tena. Mwishowe nikamuuliza: unaanza lini?

— Nimeshamaliza, Mwalimu.

Nilifurahi kweli. Kama mtu aliyefaulu mtihani bila kufungua daftari. Ndipo nikaona anavyoniangalia. Kumbe nimepata sifuri! Miguu yote miwili. Anasema imekufa ganzi, sukari imeharibu mishipa ya fahamu. Nikamwambia nilikuwa nasikia, ila nilivumilia. Akaniuliza nilisikia mara ngapi. Nikasema mwanaume hahesabu.

Hakucheka. Akasema jiwe likiingia kwenye kiatu changu nitatembea nalo mpaka jioni bila habari. Litatoboa. Kidonda kitaoza kimya kimya, na kikichelewa mguu unakatwa. Alisema "unakatwa" kama mtu anayetaja ndizi.

Kisha somo la soksi. Ziwe za pamba. Zisibane juu. Mshono wa vidoleni usiwe mnene. Zisiwe na tundu wala kiraka. Kila siku safi. Kabla ya kuvaa kiatu, ingiza mkono ndani upapase. Jioni tazama unyayo kwa kioo. Na ziwe nyeupe.

Kwa nini nyeupe?

— Damu ionekane. Mguu wako hautakuambia kitu, Mwalimu. Soksi ndiyo itakuambia.

Yaani uzee wote huu niishie kupewa taarifa na soksi.

Ijumaa, 4 Julai

Kosa langu nilimsimulia Rhobi. Mke wangu ana tabia moja mbaya: akisikia neno la hospitali analishika kama Injili. Tangu asubuhi ni soksi, soksi, soksi. Ameshaning'iniza kioo cha kunyolea kwenye msumari chini kabisa ya ukuta, usawa wa goti. Mgeni akiingia atadhani kuku wetu wananyoa ndevu.

Jioni alikuja Nyangwine. Tulitahiriwa asubuhi moja, yeye mbele yangu, kwa hiyo hakuna ninachoweza kumficha. Nikamweleza habari ya uzi. Alicheka hadi machozi. Mura! Bado ananiita kijana, kwa Kikurya. Watu wanakwenda hospitali wapigwe ganzi, wewe umepewa bure na unanung'unika! Halafu akawa makini. Akasema sisi hatukuwahi kusikia maumivu tangu ule mwaka, sasa huyo binti amegundua nini kipya?

Kwa kweli nilifarijika. Rhobi aliweka chai mezani kwa kishindo.

Jumamosi, 5 Julai

Sitaki kuandika lakini naandika.

Nilikwenda Tarime mjini, duka la dawa. Akili yangu iliniambia soksi za ugonjwa zinauzwa pale penye dawa. Binti wa kaunta akanisalimia shikamoo vizuri kabisa. Nikasema: naomba soksi. Akatazama nyuma yangu, akashusha sauti: za kawaida, baba? Hapana, nikasema, za mtu mzima, zisibane. Akasema zote zinavutika. Nikauliza, ni za pamba? Akasema ni za mpira. Nikamwambia mpira sitaki kabisa, nataka zinazopitisha hewa. Akashtuka — zikipitisha hewa si zitakuwa hazina kazi? Nikaona binti mzito huyu. Nikasema basi nipe mbili, moja nivae, moja mama afue.

— Baba! Hizi hazifuliwi!

Na hapo akasukuma kipakiti kwenye kaunta, amekifunika na gazeti. Kumbe ndivyo vijana wanavyoziita! Mimi nitajuaje? Nyuma yangu alikuwa amesimama mzee wa kanisa letu, na dawa yake ya kikohozi mkononi. Alinipa pole. Sijui pole ya nini.

Jumanne, 8 Julai

Gulio. Nikaenda kwa Emanueli, anayeuza soksi na mikanda juu ya turubai. Nilimfundisha. Hakuna swali la sehemu alilowahi kupata, lakini leo ana simu kubwa kuliko yangu.

Alikuwa na soksi za mpira wa miguu, zinabana hadi goti. Alikuwa na nyeusi za nailoni. Alikuwa na nyekundu zenye picha ya dubu. Nyeupe za pamba? Akakuna kichwa. Akafukua chini ya mzigo, akaibuka na soksi nyeupe safi, pamba tupu. Za wanafunzi.

Za wanafunzi! Mimi! Miaka yangu yote nilisimama getini asubuhi nikikagua soksi hizo hizo. Iliyochafuka, geuka urudi nyumbani. Iliyoteremka, piga magoti. Hakuna shule Tarime nzima iliyokuwa na soksi kama zangu. Hata mkaguzi aliandika. Leo Emanueli, ambaye alipiga magoti zaidi ya wenzake wote, ananipimia soksi kwenye ngumi yangu ajue kama zitanienea. Akaniuliza kama nimeandikishwa darasa la kwanza au awali. Watu wa turubai la jirani wakacheka.

Nimenunua. Nyumbani Rhobi akaona lastiki inaacha alama kwenye shavu la mguu. Akachukua wembe, akakata lastiki yote, akazigeuza nje-ndani ili mshono mnene usiguse vidole. Amefurahi kama aliyeshona suti. Sasa hazibani. Sasa pia hazisimami.

Jumapili, 13 Julai

Nimezivaa kanisani. Nilipoenda kutoa sadaka zilikuwa juu. Niliporudi zilikuwa kwenye vifundo, zimejikunja kama chapati. Benchi la nyuma nikasikia sauti ya mtu mzima kabisa, wa wale niliowafundisha, ikisema taratibu: piga magoti.

Na wote tukapiga magoti, maana ulikuwa wakati wa sala. Lakini mimi nilijua.

Jumatano, 16 Julai

Nilitoka shambani, Rhobi akanivua viatu kabla sijakaa. Doa jekundu kwenye soksi, chini ya kidole gumba. Nikamwambia ni udongo. Udongo wa Nyamwaga ni mwekundu, nani asiyejua? Akalilowesha doa kwa mate, akalisugua, akanitazama. Akaingiza mkono kwenye kiatu. Akatoa kokoto.

Sijui lilikaa humo tangu saa ngapi. Ngozi ilikuwa imechubuka kidogo tu. Akasafisha, akafunga kitambaa safi, akaliweka kokoto mezani mbele yangu. Afadhali angenigombeza.

Nimemwambia hata wanasoka wanachubuka. Amekwenda jikoni.

Ijumaa, 18 Julai

Kesho Kisaka! Neema, binti wa marehemu mdogo wangu, anaolewa huko, wilaya ya Serengeti. Tunavuka Mto Mara kwenda kukagua ng'ombe wa mahari katika zizi la wakwe. Mimi ndiye msemaji wa ukoo. Suti nyeusi imepigwa pasi. Viatu vyeusi vinang'aa. Na soksi nyeupe zilizokatwa lastiki! Niende mbele ya wakwe na chapati miguuni? Wataondoa ng'ombe badala ya kuongeza.

Nyangwine ameniokoa. Amenipeleka kwa Emanueli, ambaye ameleta kitu kipya: soksi za sumaku. Nyeusi tii, zimekaza vizuri. Anasema zina madini yanayovuta sukari ishuke miguuni na kutoka kwa jasho. Nikamuuliza sayansi yake. Akanionyesha video kwenye simu, daktari Mchina mwenye koti jeupe. Ile video ina maandishi mengi.

Sikuamini. Lakini ni nyeusi.

Rhobi amefungasha zile nyeupe kwenye mkoba wangu, jozi mbili, na kile kioo. Nimeitikia ndiyo, ndiyo. Siku nyingine ndoa inahitaji ndiyo.

Jumamosi, 19 Julai

Siku gani hii! Niandike kabla haijapoa.

Kibarazani kwa Nyangwine nikabadilisha soksi kabla gari halijaja. Nyeupe mkobani, nyeusi miguuni. Nikasimama — mkwe kamili. Gari la kukodi, vumbi, mto, vumbi tena, Kisaka. Wakwe wametupokea kwa heshima, soda, maneno mazuri. Kisha zizini.

Kukagua ng'ombe si kazi ya kusimama mlangoni. Niliingia katikati yao. Nikashika pembe, nikafungua midomo, nikatazama meno. Mmoja alikuwa kikongwe kuliko mimi, nikamkataa. Zizi lao ni la miiba ya migunga, iliyokatwa na kurundikwa, na mingine imesambaa kwenye samadi. Nilizunguka humo mpaka jua likawa kichwani.

Tukarudi kukaa. Nikapandisha mguu juu ya goti, nikaanza hotuba yangu. Nilikuwa nimefika kwenye sifa za mama yake Neema nilipoona baba mkwe hanitazami usoni. Ananitazama kiatu. Akasema kwa upole: Mwalimu, samahani, una mwiba.

Nikainamisha kichwa. Mwiba wa mgunga umezama kwenye soli ya kiatu cha kushoto, umebaki kichwa tu.

Nikaushika. Nikauvuta taratibu, maana ulikuwa umekwama. Ukatoka, ukatoka, ukatoka — mrefu kama kidole changu cha kati! Sikukunja uso. Sikukatiza hata sentensi: nikaendelea na sifa za mama yake Neema huku nauvuta. Nikauweka mezani karibu na soda.

Nyumba ililipuka kwa shangwe! Wazee wakasimama. Mmoja akasema hajaona jambo hili tangu babu yake. Nyangwine akapiga kelele: huyu ni wa rika langu! Baba mkwe akauchukua mwiba, akauzungusha vidoleni, akasema ukoo wenye mtu kama huyu hauwezi kupewa ng'ombe wa kawaida. Wakaongeza mtamba. Mtamba kwa sababu ya mguu wangu!

Sijapigiwa makofi hivyo tangu nistaafu. Tangu kabla ya kustaafu, kusema kweli. Siku ya kuniaga walinipa blanketi na hotuba fupi.

Kurudi nikabadilisha soksi? Hapana. Nilisahau. Nilikuwa nasimuliwa.

Jumapili, 20 Julai

Kanisani na suti, viatu na soksi zile zile, maana habari ilishafika kabla yangu na watu walitaka kuona kiatu. Nimeonyesha tundu la soli mara nyingi. Hakuna aliyesema piga magoti leo.

Rhobi ameuliza soksi nyeupe ziko wapi. Nimesema zimefuliwa. Ameuliza nani kafua.

Jioni kiatu cha kushoto kilinata wakati wa kuvua. Jasho. Inawezekana sumaku inafanya kazi, Emanueli alisema sukari itatoka kwa jasho. Nikavua mwenyewe, gizani kidogo, nikaziweka soksi chini ya kitanda.

Jumatatu, 21 Julai

Rhobi amezipata soksi nyeusi alipokuwa anafagia. Amezitia kwenye beseni. Maji yakawa mekundu. Akaniita. Nikatazama beseni, hasira zikanipanda — zinachuja rangi! Emanueli ameniuzia mtumba uliotiwa wino! Nguo nzuri haichuji hivyo.

Rhobi alisimama na mikono yenye maji. Baba Heche, akasema, soksi ni nyeusi.

Ndiyo, nikasema. Rangi mbaya.

Akasema nivue viatu atazame. Nikamwambia nina safari.

Jumanne, 22 Julai

Nimekwenda kwa Emanueli na soksi kwenye mfuko wa nailoni. Nikamgombeza mbele ya wateja wake. Nikamweleza kuhusu uaminifu katika biashara, kama nilivyomweleza akiwa darasa la tano. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma, kama zamani. Halafu akasema:

— Shikamoo Mwalimu. Nyeusi inachujaje wekundu?

Watu hawakucheka. Ndiyo kitu kilichonisumbua. Emanueli alinitazama mguuni, akanisogezea kigoda, akasema kaa kwanza. Nikakataa kukaa. Nikarudi nyumbani kwa miguu, maana bodaboda zote zilikuwa upande wa pili na sikutaka kuvuka barabara wakinitazama.

Nina baridi kidogo. Julai ina upepo.

Jumatano, 23 Julai

Nyangwine alikuja na wageni wawili kutoka Matongo kuona mguu uliovuta mtamba. Rhobi akawakuta mlangoni. Sijui aliwaambia nini. Hata mlinzi wa mgodi wa dhahabu wa huku kwetu hafukuzi watu hivyo. Nyangwine alirudi peke yake baadaye, akakaa mbali, akashindwa kunichekesha. Aliniuliza kimya kimya: mura, kweli hukusikia?

Nikamwambia nilivumilia.

Akasema yeye kwenye tohara alisikia. Alisikia sana. Alitaka kulia, akamtazama baba yake akanyamaza. Miaka yote hii hajawahi kuniambia. Kisha akaniuliza: na wewe? Ile siku ulisikia?

Nilisikia. Bwana wee, nilisikia! Nilisikia mpaka kwenye meno. Ndiyo maana waliimba. Kama nisingesikia wangeimba nini?

Alipoondoka nikakaa kwenye kigoda mbele ya kile kioo. Goti halikunji vizuri, miwani inateleza, nikamwita Rhobi ashike taa. Nikaona unyayo wangu. Katikati kuna tundu dogo, pembeni pamekuwa na rangi ya zambarau, na kuna harufu. Nilidhani ni panya amekufa uvunguni. Tangu jana nilikuwa namsema paka.

Rhobi akabonyeza pembeni. Akauliza, hapa? Nikatazama kidole chake kinavyozama. Hapa je?

Amenivalisha soksi nyeupe. Tulikaa tunaitazama kama watu wanaongoja chungu kichemke.

Alhamisi, 24 Julai

Naandikia kwenye benchi la kliniki.

Asubuhi soksi ilikuwa na doa la njano na nyekundu, kubwa kama kitumbua. Rhobi hakunionyesha, aliifunga kwenye khanga yake na kuita gari. Nyangwine alinishika mkono mpaka ndani.

Sista Tumsifu alifungua dirisha kabla ya kufungua kitambaa. Nilingoja anigombeze. Nilijiandaa hata majibu. Hakugomba. Aliuliza mwiba ulikuwa mrefu kiasi gani, Nyangwine akaonyesha kidole chake cha kati. Hakukuwa na makofi. Sista akapiga simu akiwa ametugeuzia mgongo. Nikasikia: homa, wekundu umepanda hadi kifundo, ndiyo, mguu wa kushoto, mapema iwezekanavyo. Nikasikia: Mwanza. Daktari wa upasuaji aamue.

Naogopa. Nimeliandika, basi lisimame hapo. Naogopa mguu wangu.

Nikamwomba anipime tena na ule uzi. Akasema haina haja, Mwalimu. Nikamwambia nakuomba, mwanangu. Safari hii sitavumilia kitu, nitasema kila kitu. Nikafumba macho. Nikasikiliza unyayo kwa akili yangu yote, kama unavyosikiliza darasa la jirani. Na kweli! Kitu kikanigusa chini ya kidole gumba. Nikapiga kelele: hapo! Nasikia! Na kisigino! Hapo tena, katikati! Rhobi, nasikia!

Nikafungua macho. Sista Tumsifu alikuwa bado anavaa glavu. Uzi ulikuwa mezani.

Nyangwine ametoka nje. Gari la wagonjwa linatiwa mafuta, wamesema tusitembee mbali, kama utani. Mguu wa kushoto umefungwa bandeji hadi juu. Rhobi amepiga magoti sakafuni ananivalisha soksi kwenye ule wa kulia, nyeupe, ya darasa la kwanza. Ameigeuza mshono uwe nje. Amepitisha kidole juu kuona kama lastiki imebaki.

Ananiuliza: inabana?

Namtazama usoni kwanza, nijue nijibu nini.